Sura Yangu Wameichukua, Mtoto Wananinyima

Mpendwa Mama Verdell,

Naomba msaada wako, ingawa kuomba si tabia yangu, na ukimuuliza mtu yeyote hapa Marlow atakuambia Otha Pettway ndiye huombwa, maana nilimimina chuma kiwandani miaka thelathini na minne na sikukosa kazi ila siku mbili nilizomzika mama yangu, na kanisani hakuna shemasi aliyenitangulia ambaye bado yuko hai, na mbavu za nguruwe nikizichoma mimi hata mchungaji hunyamaza anapozila, na wewe unamjua mchungaji wetu. Shule niliishia darasa la sita, kwa hiyo uvumilie mwandiko, lakini akili sikuiacha huko.

Jambo lenyewe ni hili. Mwaka juzi serikali iliipa kaunti yetu fedha nyingi za kutafuta familia za kuasili watoto, na zilitolewa kwa sababu watoto weusi ndio wengi katika wanaosubiri na watu weusi ndio wachache katika wanaopewa, basi wakatakiwa watutafute sisi. Wakatutafuta kweli. Walikuja kanisani Jumapili moja na mama mmoja mwenye maneno matamu, wakatulisha kuku na saladi ya viazi isiyo na chumvi, na yule mama akasema anataka wazee wawili wenye sura ya kuaminika wapigwe picha. Kanisa zima likageuka kunitazama. Mimi sikujitangaza, walinitazama wenyewe. Nikapigwa picha na mke wangu Earline, mimi na suti yangu ya kahawia, na wakatuchapisha kwenye vile vipepeo vya karatasi vyenye kijiti tunavyojipepea kanisani, na juu ya vichwa vyetu pameandikwa WANASUBIRI MTU ANAYEFANANA NAO. Halafu wakatubandika kwenye vituo vya basi. Nimeonwa mji mzima, Mama Verdell. Daktari wangu wa meno amenitambua.

Sasa kuna mtoto anaitwa Maliyah, ana miaka tisa, mlezi wake wa muda ni Bi Novak wa mtaa wa nyuma yetu, mzungu, mjane, mtu mwema lakini nywele za yule mtoto zilimshinda, alikuwa anazichana kama anayeparua samaki. Ndipo Earline akamwambia mlete Jumamosi nimsuke, na Jumamosi moja ikawa miaka miwili. Earline anasuka, mimi nakaa mbele yao na meza ya dhumna, na mtoto anacheza huku kichwa kimeshikwa. Nilimfundisha mwenyewe na sasa ananitukana kama mtu mzima. Ananiambia, "Babu Otha, hicho kipande unakipapasa hivyo unataka kukioa?" Nikimfunga anasema Earline alimvuta nywele makusudi. Mimi nimelea watoto wangu wanne na wa watu wengine saba bila karatasi ya mtu, walikuja tu, mama akifa au akishindwa, unaongeza sahani mezani yamekwisha. Lakini huyu nilimwambia Earline, huyu tumchukue kwa karatasi, awe Pettway, asiwepo mtu wa kuja kumwondoa. Earline alilia, naye si mtu wa kulia.

Tukajaza fomu. Nilitia sahihi kila waliponionyesha, sikusoma yote, herufi zao ni za kusomwa na sisimizi. Mwezi wa pili wakaleta mkaguzi wa nyumba, binti mmoja anaitwa Halvorsen, si yule mama wa kuku, huyu ni ofisi nyingine, na nilipomwambia mimi ndiye wa kwenye kituo cha basi hakujua nasema nini.

Hapa lazima nikueleze kuhusu Leotis. Leotis ni ndugu yake Earline, ana miaka sitini na sita, anaishi chumba cha nyuma, na zamani sana, miaka ishirini na sita iliyopita, alifungwa miaka minne kwa kuuza redio za magari ambazo hakuzinunua. Tangu hapo hajaiba hata usingizi kanisani. Basi asubuhi ile ya ukaguzi nikamwambia, "Leo kaunti inakuja. Kaa gerejini mpaka nikuite."

Akaniambia, "Otha, nje kuna barafu."

Nikamwambia, "Vaa koti."

"Nikae huko nikifanya nini?"

"Ukinyamaza."

Nikachukua na viatu vyake vya mlangoni nikavitia ndani ya mashine ya kufulia. Earline alikuwa jikoni, aliniona, akaniambia, "Otha, mwaka huu si sitini na moja." Nikafunga mfuniko wa mashine.

Wewe ni mtu wa huku, Mama Verdell, unajua, lakini vijana wanaosoma gazeti lako hawajui, kwa hiyo nitasema. Mwaka ule wa sitini na moja, nilipokuwa na miaka minane, baba alikosa kazi, na mama akawa anapata chakula cha kaunti, na kaunti ilikuwa haitoi chakula kwenye nyumba yenye mwanamume. Wakikuta suruali, wamekata. Walikuwa wanakuja kabla hatujaamka, wanainama chini ya kitanda na tochi. Baba alikuwa anatorokea dirishani, ndugu zangu wanatandika upande wake wa kitanda, na mimi kazi yangu ilikuwa kuficha viatu vyake. Sikuwahi kukosea hata mara moja. Kaunti ikibisha hodi, mwanamume anatoka, hivyo ndivyo nilivyolelewa, na tulikula.

Yule binti akakagua. Akapima madirisha, akajaribu king'ora cha moshi, akafungua friji, akasema nyumba ni safi kuliko ya kwake. Akaniuliza, "Bwana Pettway, kuna mtu mzima mwingine anayeishi hapa?" Nikasema hakuna. Akasema, "Na kwenye fomu uliandika wawili tu, ni sahihi?" Nikasema sahihi. Akaandika. Alikuwa amekwisha kufunga mkoba, Mama Verdell, alikuwa amekwisha kusimama, mlango wa jikoni ukafunguka, Leotis huyo, ana soksi mguuni, pua imekuwa zambarau, anasema, "Otha, viatu vyangu umeficha wapi? Nataka kwenda chooni na baridi ya saruji imenipanda mpaka magotini. Habari za asubuhi, binti."

Earline akaenda kwenye mashine, akavitoa vile viatu, akavipanga mbele ya ndugu yake kama anavyompangia mtoto, akarudi akaketi.

Yule binti akamuuliza Leotis maswali yake, Leotis akajibu yote, hata ya jela, hakuficha. Halafu akanigeukia akasema, pole pole tu, "Bwana Pettway, kesi ya zamani hivyo, ya redio, isingewazuia. Ningechukua alama za vidole vyake, tungemaliza leo. Lakini umenidanganya mara mbili na ukatia sahihi."

Hapo hasira ikanipanda. Nikamwambia mimi nimelea watoto kumi na mmoja kabla mama yake hajajua kutembea, nikamwambia mwambie bosi wako aibandue sura yangu kwenye vituo vya basi kwa mkono wake, nikamwonyesha mlango. Nilimfungulia mwenyewe, sikumgusa, mimi ni muungwana.

Ikaja barua. Earline alinisomea. Ombi letu limesimamishwa, tuna siku thelathini za kuomba lisikilizwe upya, na tukija tuje wote watatu, Leotis atoe alama za vidole, mimi nieleze kwa nini nilisema uongo, na nihudhurie mafunzo ya jioni yale niliyoyaacha baada ya siku ya kwanza. Niliacha kwa sababu kijana wa miaka ishirini na minne, hana hata paka, alinipa kitabu nisome kwa sauti mbele ya watu namna ya kumlea mtoto mweusi. Mimi. Nisomee watu.

Leo ni siku ya kumi na saba. Sijaenda na siendi. Na wakati huo wamempata mke na mume wanaitwa Ostrander, wazungu, wana shamba mwendo wa saa moja na nusu kutoka hapa, walimaliza mafunzo yao yote na fomu zao zote. Jumamosi iliyopita yule mwanamke alikuja na Bi Novak, kukaa sebuleni kwangu, na daftari, kujifunza kusuka. Na Earline akamfundisha. Akamshika vidole akamwambia, "Gawanya hapa, usivute hapo, mafuta kwanza." Nikamwuliza Earline baadaye, wewe unafundisha mtu kuchukua mtoto wako? Akasema, "Mmoja wetu lazima ahakikishe hatakwenda huko ameparuliwa." Tangu siku hiyo ananiwekea chakula na kuondoka mezani. Leotis naye anakula chumbani.

Na Maliyah, tukiwa kwenye dhumna, yule mwanamke amekwenda garini, akaniambia, "Babu Otha, wale watu wana mbuzi sita." Nikasema mbuzi wananuka. Akacheza kipande chake, halafu akasema, hanitazami, "Bi Novak anasema ulisema hapana."

Nikamwambia zamu yako. Akasema, "Si zamu yangu, nimecheza sasa hivi."

Sasa mimi naomba kitu kimoja. Serikali ilitoa fedha kututafuta sisi, na mimi ndiye waliyemtafuta, sura ni yangu, na leo mtoto anakwenda kwenye mbuzi. Kosa ni la nani? Andika gazetini kwamba ni la kaunti, uandike kwa herufi kubwa, nimpe Earline asome.

Shemasi Otha Pettway, Marlow, Ohio

---

Shemasi Pettway,

Mkeo aliisoma barua yako kabla hujaituma. Alinipigia simu Jumatatu, kabla barua yako haijafika. Aliongea dakika tano na hakukulaumu hata mara moja, na kwangu hilo ni baya kuliko kama angekulaumu.

Umeomba niandike kosa ni la kaunti. Sehemu yake nitaiandika, kwa herufi za kawaida. Fedha zile zilitolewa kututafuta, na zimenunua picha, kuku na mabango. Hazikumlipa mtu hata mmoja wa kukaa na mzee jikoni kwake na kumwambia: baba, siku hizi mwanamume ndani ya nyumba si kosa, usimfiche. Walijua rangi yetu, hawakujisumbua kujua tulichofanyiwa. Watu wa umri wako wamebeba tochi ile kichwani miaka sitini, na kaunti iliyoishika imekuja na kuku ikidhani tumesahau. Katika ukumbi wenu wa kanisa, familia thelathini na moja zilichukua fomu siku ile. Nimeuliza ni ngapi zina mtoto leo. Mbili. Wanaohusika wanalisoma gazeti hili, na nitawaandikia kwa jina wiki ijayo.

Sasa wewe.

Baba yangu naye alitorokea dirishani. Kwa hiyo usinieleze mimi habari ya viatu. Ulikuwa na miaka minane, uliambiwa ufiche, ukaficha, mkala, na Mungu anajua ulifanya kazi ya mtu mzima. Lakini yule mtoto alikuwa anamficha baba yake ili abaki. Wewe umemweka mtu mzima kwenye barafu nusu ya asubuhi, kwenye nyumba ambayo mkeo ameniambia yeye ndiye anayeilipia umeme, ili wewe uonekane msafi. Mficha uchi hazai, shemasi, na wewe umefika umri huu ukiujua msemo huo na bado umeuficha uchi ambao hata si wako. Leotis alitumikia kifungo chake akamaliza. Wewe ndiye uliyemrudisha ndani.

Halafu yule binti. Alikuwa amefunga mkoba. Alipojua, alikueleza kwa upole kwamba ukweli usingekugharimu chochote, na hapo ndipo ulipokasirika. Hata uongo angeweza kuuvumilia. Ungesema samahani, naogopa kaunti, na sababu ni hii, angekaa chini tena. Hukukasirika kwa sababu amekudhulumu. Ulikasirika kwa sababu umeumbuka mbele ya mkeo.

Na usiwachukie hao Ostrander. Mwanamke aliyeendesha saa moja na nusu kuja kukaa sebuleni kwa mtu anayemnunia, ili ashikwe vidole afundishwe kusuka, huyo si adui yako. Sheria haimruhusu mtu kumsubirisha mtoto kwa ajili ya rangi, na mimi nisingependa imruhusu. Maliyah hasubiri anayefanana naye kwenye picha. Miaka miwili amekaa mbele yako kila Jumamosi, na anayefanana naye amekaa ameshika vipande vya dhumna, ameulizwa swali, amesema zamu yako.

Amekuuliza kama ulisema hapana. Kwa kukwepa umemjibu ndiyo. Hilo ndilo kosa, na haliko ofisini kwa mtu.

Kuhusu kitabu. Utanichukia kwa hili, lakini nimesoma barua yako mara tatu. Fomu hukuisoma, barua alikusomea Earline, na mafunzo uliyaacha siku ulipopewa kusoma kwa sauti. Umeniandikia kurasa sita kwa mkono wako, na mtu anayeweza hivyo hana cha kuonea haya. Mwambie mwalimu nje ya darasa, kabla hajaanza, kwamba macho na shule yako vina mipaka, utasikiliza na utajibu kwa mdomo. Wengi wamefanya hivyo na wamepewa watoto. Ukishindwa kumwambia hilo kijana asiye na paka, siku Maliyah atakapoleta karatasi ya shule nyumbani utamficha nani gerejini?

Fanya hivi. Usipange upya, usianze na unachokipenda.

Leo hii, kabla ya chakula cha jioni, gonga mlango wa chumba cha nyuma. Usiingie mpaka akuambie ingia. Mwombe Leotis msamaha, kwa jina lake, bila kutaja jela. Akikataa, kubali. Kesho umwombe tena.

Kisha mwambie Earline kwamba mnakwenda, na usiseme amekushawishi.

Kufikia gazeti hili kuwa mkononi mwako umebakiwa na siku kumi. Usitumie barua, usipige simu, wala usimtume mchungaji akakutetee. Ofisi inafunguliwa saa mbili asubuhi. Nendeni wote watatu, Leotis mbele. Mtaje yule binti kwa jina lake. Mweleze habari ya tochi kama ulivyonieleza mimi, kisha umwambie kwamba ulisema uongo mara mbili, halafu ufunge mdomo. Usitaje chuma. Usitaje watoto kumi na mmoja wala mabango. Hiyo dakika ya kunyamaza itakuwa ngumu kuliko miaka yako thelathini na minne kiwandani, na wewe kaa ndani yake.

Jumamosi hii mwambie Maliyah, Earline akiwepo, kwamba hukusema hapana, ulikosea, na unakwenda kurekebisha. Usimwahidi utashinda. Wameshamwahidi wengi. Na kama mwisho wa yote atakwenda kwa wale wa shambani, utawaomba kwa adabu wakuachie Jumamosi, na utachukua watakachokupa.

Lakini ukikaa hapo na kiburi chako mpaka siku ya thelathini ipite, barua yako inayofuata usinitumie mimi. Mwandikie Maliyah, kwa mkono wako mwenyewe, umweleze kwamba zilikuwa zimebaki siku kumi na ulikuwa unajua. Yeye anasoma vizuri.

Mama Verdell